Kipakatalishi cha Kazi Gani, na cha Nani?



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama mnaoupokea waraka huu kila wiki na kuusoma pamoja na watoto wenu: maswali anayoulizwa mtu wa madrasa hubadilika kadiri zama zinavyobadilika. Zamani, baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa nikiulizwa kuhusu mirathi, eda, na zaka ya dhahabu iliyolala sandukuni. Maswali hayo bado yapo, lakini katika miaka hii ya karibuni limezuka jingine ambalo maalim zangu hawakunisomesha: "Sheikh, tumnunulie mtoto laptopu gani?" Huja kwa wingi wakati vijana wamekwisha pata nafasi zao za vyuo vikuu, na wazazi wanahesabu karo, kodi ya chumba, godoro, na juu ya hayo yote mashine hii.

Silidharau swali hili. Fedha inayozungumzwa aghalabu ni jasho la miezi mingi: mahamri ya alfajiri, zamu ya chama, au kipande cha dhahabu kilichouzwa. Na mimi mwenyewe kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikiitumia mashine hiyo kuandikia makala haya, khutba za Ijumaa, na majedwali ya kugawia mirathi. Kwa hivyo nimeijua si kama fundi, bali kama mtu aijuavyo zana yake ya kazi.

Waliokipa kifaa hiki jina la Kiswahili walikiita kipakatalishi, nalo limetokana na kupakata, kama mama anavyompakata mwanawe. Jina hili lina somo ndani yake. Kitu cha kupakatwa hakitajwi peke yake. Hutajwa pamoja na mwenye kukipakata. Hatuulizi "nguo gani nzuri?" bila kusema kama ni ya arusini au ya jikoni. Ilhali kwa kipakatalishi watu huingia dukani na swali moja tu, "Kipi kizuri?", na muuzaji naye huwajibu kwa kuwaonyesha kile anachotaka kitoke leo.

Mwaka jana nilijiwa na mama mmoja mjane wa hapa mtaani. Alifuatana na binti yake, niliyemsomesha alipokuwa mdogo, na ami yake binti. Baba wa binti huyu alikuwa ametangulia mbele ya haki, na fungu la binti katika mirathi lilikuwa limewekwa kwa ami yake kama amana. Sasa binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea uhasibu chuo kikuu. Katika fungu lile, ami alikuwa ametenga shilingi 45,000 za kipakatalishi, na nyumba nzima ilikuwa imeingia mjadala.

Ami alitaka mashine mpya, ya bei ya chini, iliyotoka kwenye boksi. "Sheikh," aliniambia, "kipya kina waranti. Cha mtumba ni kununua maradhi ya mtu mwingine." Mwanawe wa kiume, ambaye hakuwapo pale lakini maneno yake yalikuwapo, alisisitiza ile kubwa ya michezo, yenye taa nyekundu kwenye kibodi, hata kama italazimu kuongeza fedha mpaka 80,000. Mama mtu yeye alikuwa na hofu moja tu: "Mimi nataka asiibiwe. Kitu king'aacho njiani huita macho." Binti alikuwa kimya, ameinamisha kichwa.

Nikamgeukia. "Mwanangu, wewe utaifanyia nini?"

Akajibu kwa sauti ndogo lakini kwa mpango: "Maalim, kazi zangu zitakuwa za kuandika, na mahesabu ya lahajedwali, na masomo mengine ya mtandaoni. Chumba nilichopata kiko mbali na kumbi za masomo, nitatembea nayo kila siku. Nataka iwe nyepesi, na nisiwe naombaomba soketi kila saa."

Katika maneno yale yalikuwamo majibu yote ambayo wakubwa walikuwa wakiyatafuta kwingine. Ikanipasa pia kumkumbusha ami yake, kwa upole, jambo alilolijua lakini mazoea yalikuwa yamelifunika: yatima akishabaleghe na ikadhihirika kuwa ana busara ya kutunza mali, mali ni yake na kauli ni yake. Msimamizi hushauri, haamui. Ami alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimezoea kumuona mtoto." Hakuna ubaya katika neno hilo, ni neno la aliyelea. Lakini tangu hapo mazungumzo yalibadilika. Hatukuuliza tena nani kati ya wakubwa ana rai bora, bali kazi ya binti yataka nini.

Nitayaeleza mambo tuliyoyapima, kwa kuwa ni yale yale yanayozihusu nyumba nyingi.

La kwanza ni mashine mpya ya bei ya chini. Ami alituonyesha picha yake kwenye simu. Ilikuwa na kumbukumbu ya kazi, ile wauzaji waiandikayo RAM, ya gigabaiti 4, na hifadhi ya gigabaiti 64 ya aina iitwayo eMMC. Kumbukumbu ya kazi ni kama meza ya mshoni: ikiwa ndogo, huwezi kutandaza kanzu na kitambaa kingine kwa pamoja, kila mara unakunja hiki ili ukunjue kile. Kwa mwanafunzi anayefungua lahajedwali, kitabu na somo la video kwa wakati mmoja, gigabaiti 8 ndicho kiwango cha kuanzia. Hifadhi nayo ni kama kabati. Gigabaiti 64 humalizwa upesi na programu zenyewe na masasisho yake, na ile ya eMMC hubandikwa moja kwa moja kwenye ubao wa mashine, kwa hivyo kabati likijaa, hulitoi ukaweka kubwa. Yafaa kutafuta hifadhi ya SSD ya gigabaiti 256. SSD haina sahani inayozunguka kama diski za zamani, hivyo ni ya haraka zaidi na hustahimili mitikisiko ya matatu na tuktuk. Waranti ni jambo jema, lakini haigeuzi kidogo kikawa kingi.

La pili ni ile kubwa ya michezo. Mashine ya namna hiyo huwa na prosesa ya pekee ya picha, nayo ina watu wake: mwanafunzi wa usanifu wa majengo, mhandisi, mhariri wa video. Lau binti angalikuwa anasomea usanifu, ningalimwambia ami aongeze fedha, na atafute gigabaiti 16 bila kusita. Kwa mhasibu, nguvu ile ni mzigo. Nyingi zina uzito wa zaidi ya kilo 2, chaja yake pekee huweza kuwa nzito kama tofali dogo, na betri huisha mapema. Kulipia nguvu usiyoihitaji ni israfu hata kama fedha ipo, seuze ikiwa ni fungu la yatima.

La tatu ni mitumba, na hapa ndipo penye tahadhari nyingi na faida nyingi. Katika maduka yetu zimejaa mashine zilizotumika maofisini Ulaya na kwingineko: Lenovo ThinkPad, HP EliteBook, Dell Latitude. Ziliundwa kwa wafanyakazi wa kila siku, kwa hivyo aghalabu bawaba zake ni imara na kibodi zake hazichoshi vidole. Aina nyingi kati ya hizo fundi huweza kuzifungua na kubadilisha betri au hifadhi. Kwetu pwani jambo hili si dogo. Joto, unyevu na hewa ya chumvi havina huruma na vyuma, na vumbi huziba feni. Mashine ambayo fundi wa mtaani anaweza kuifungua, kuisafisha na kupata vipuri vyake itaishi zaidi kuliko ile iliyogandishwa kwa gundi.

Lakini mtumba una umri, na umri wake hauonekani usoni. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine iliyokwama hapo haipati tena yale masasisho ya usalama ya kila mwezi kama ilivyozoea, na anayeitumia kwa benki na nyaraka zake amejiweka hatarini. Windows 11 nayo ina masharti yake. Kwa prosesa za Intel aina ya Core, kwa jumla huanzia kizazi cha 8. Kizazi hicho husomwa katika nambari ya prosesa. Ile iitwayo i5-6300U ni ya kizazi cha 6. I5-8350U ni ya cha 8. I5-1135G7 ni ya cha 11. Muuzaji akikwambia "ni Core i5" akanyamaza, hajakwambia kitu, kwani i5 ya kizazi cha 6 na ya kizazi cha 11 zina jina moja kama babu na mjukuu. Muombe aifungue mashine, akuonyeshe nambari kamili kwa macho yako. Aliyekwisha kuwa na mashine ya zamani nyumbani asiitupe: kuna mifumo ya bure na halali kama Linux Mint, inayoweza kuiendesha kwa kazi nyepesi.

Ami yake binti, binti na mimi tukafuatana mjini. Nilimuomba binti aingie dukani na karatasi aliyoiandika mwenyewe: gigabaiti 8, SSD ya 256, kizazi cha 8 au zaidi, skrini ya inchi 14, uzito usiozidi kilo moja na nusu au zaidi yake kidogo. Muuzaji alipoiona karatasi alibadilisha mazungumzo yake. Hakutaja tena ile inayong'aa dirishani; alikwenda rafu ya nyuma. Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mashine ya kwanza aliyotuletea ilikuwa safi usoni. Akasema betri yake ni nzima. Hatukubishana naye. Katika Windows ipo amri iandikwayo powercfg /batteryreport, nayo hutoa ripoti yenye hesabu mbili: kiwango ambacho betri iliundwa kukishika, na kiwango inachoweza kukishika sasa. Binti akaifungua ripoti, akagawanya hesabu ya pili kwa ya kwanza, akapata asilimia 61. Muuzaji mwenyewe alishangaa, na sikumdhania uongo; wengi hawaangalii. Akaleta nyingine, ikatoa asilimia 88. Bei yake ilikuwa shilingi 33,500.

Tukaipima kwa utaratibu, na nawasihi nanyi mfanye hivyo hivyo bila kuona haya. Bonyezeni kila herufi ya kibodi. Fungueni ukurasa mweupe mtupu muone kama skrini ina madoa. Jaribuni kamera, spika, maikrofoni na Wi-Fi. Fungeni na kufungua kifuniko mara kadhaa msikilize bawaba. Izimeni kabisa kisha muiwashe tena: ikidai nenosiri la kampuni msiyoijua, iacheni, kwani imefungwa na mwenyewe wa kwanza na huenda haijaachwa kwa halali. Kisha nambari yake ya utambulisho, ambayo mara nyingi huwa chini ya mashine, iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la duka. Asiyetaka kukuandikia nambari hiyo ana sababu, na kununua kitu ambacho una shaka kimeibwa ni mzigo wa hapa na wa kesho.

Kwenye risiti ya duka kulikuwa na maneno yale tuyajuayo sote, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Hapa ilinibidi niseme neno la kazi yangu. Katika fiqhi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo pwani hii, mnunuzi na muuzaji wana khiyari ya kuvunja mauzo maadamu hawajaachana pale walipouziana. Wanaweza pia kushartiana khiyari ya muda maalumu, nayo haizidi siku 3. Tena kasoro iliyokuwapo kabla ya mauzo na ikafichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha. Maandishi ya risiti hayamsafishi aliyejua akaficha. Nilimueleza muuzaji hayo kwa utulivu, nikamuomba aandike kwa mkono wake: siku 3 za kujaribu. Kijana yule alifikiri kidogo, kisha akaandika, akatia sahihi.

Siku ya pili binti aligundua kuwa tundu moja la upande wa kushoto halishiki flashi. Ni kasoro ndogo, ambayo dukani ilitupita kwa kuwa tulijaribu tundu la kulia. Ami yake alirudi nayo, akaonyesha maandishi, akapewa nyingine ya aina ile ile bila kupandishiana sauti. Aliporudi alinipigia simu. "Sheikh, sharti lile limetusaidia," akasema. "Bila lile, leo ningekuwa nagombana." Zikabaki shilingi 11,500. Binti alinunua mkoba wa kawaida usioonyesha kilichomo, na diski ya nje ya kuhifadhi nakala za kazi zake, na kilichosalia akakiweka kwa ajili ya intaneti. Mama yake aliridhika na mkoba ule kuliko na mashine yenyewe.

Sasa, si kila nyumba ina mwanafunzi wa uhasibu. Mama anayepika biriani za oda na kupokea malipo kwa simu, aulize kwanza kama anahitaji kipakatalishi hata kidogo. Huenda simu aliyonayo na daftari zuri vinamtosha, na fedha ile ikafaa zaidi kuwa sufuria kubwa au friji. Si kila swali la kununua jibu lake ni kununua. Watoto wa shule za msingi na sekondari wanaweza kushirikiana mashine moja, ikakaa sebuleni mbele ya macho ya wote na kila mtoto akawa na saa yake. Hilo hupunguza gharama na pia huwalinda. Maalim anayeandika Kiarabu asilipie kibodi maalumu, kwa kuwa lugha hiyo huongezwa bure ndani ya Windows, na herufi za kubandika juu ya vitufe zapatikana. Na kwa wote: programu za wizi zinazowekwa na mafundi wa njiani si halali, na nyingi huja na virusi. LibreOffice ni ya bure na halali, na huandika nyaraka na lahajedwali.

Kuhusu malipo, aliye na fedha pungufu na asubiri akiweza kusubiri. Kununua kwa awamu hakuna ubaya ikiwa bei nzima imejulikana na kukubaliwa mwanzo. Tazameni lakini yale maandishi madogo ya chini, yanayosema kuwa ukichelewa deni huongezeka. Ongezeko hilo ndilo la kukimbiwa, na mara nyingi hapo ndipo mashine ya 35,000 huishia kulipiwa kama ya 60,000.

Kabla ya kwenda sokoni, basi, kaeni kitako nyumbani na mtu atakayeitumia mashine, si bila yeye. Mpeni karatasi aandike mistari mitatu: kazi atakayoifanya, mahali atakapoifanyia, na fedha iliyopo bila kukopa. Mistari hiyo mitatu itawapunguzia mashine mia moja za dukani zikabaki mbili au tatu, na hizo mtazipima kwa subira. Msione haya kuuliza, wala msiharakishwe na anayesema kuwa bei itapanda kesho. Anayewaharakisha anajua kitu ambacho hataki mkione.

Allah atujaalie kheri katika tunachokichuma na katika tunachokitumia, awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na awarehemu waliotangulia wakatuachia amana zao.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.